Benchi la Bwera Lililopanda Mlimani

Vijana, mkiniuliza nilifanya kazi gani maisha yangu yote, nitawajibu bila haya: niliuza baridi katika mji wa joto. Kasese ikiwaka, mbuzi wakitafuta kivuli tangu saa tatu asubuhi, mimi nilikuwa nimesimama kibandani kwangu nikining'iniza makoti mazito, glovu, soksi za sufu na viatu vizito kama jiwe la kusagia. Nilikuwa nafungua marobota ya mitumba, nachambua, vya joto nawaachia wenzangu, vya baridi nabaki navyo. Watu wakanibatiza Mama Baridi. Wapita njia walidhani nimerukwa na akili, lakini wapagazi na waongozaji wa mlima Rwenzori walijua njia ya kibanda changu hata wakifumba macho.

Jina langu hasa ni Biira. Na kwa kuwa nimeshastaafu na hakuna wa kunirudishia mali, nikiri jambo nililolificha miaka yote ile: sijawahi kukanyaga theluji. Sisi Bakonzo tunaiita nzururu. Tunaiona kule juu asubuhi mawingu yakifunguka, imekaa kimya na weupe wake. Lakini barafu niliyowahi kuishika kwa mkono huu ni ya friji ya soda. Hilo halikunizuia kushauri. Mteja akija nilikunja uso, nikatazama mlima, nikasema, "Nzururu ya mwaka huu ni ngumu, chukua glovu mbili." Nilijuaje? Nilikuwa nimebaki na glovu nyingi.

Aliyenifundisha kazi alikuja kama mteja. Anaitwa Thembo, alikuwa mpagazi, mtu mrefu mwenye magoti yaliyokwisha kabla ya wakati wake. Mwaka wangu wa kwanza nilimuuzia viatu vya ngozi nene, kamba mpya, soli haijaguswa, vyote viwili vya mguu wa kushoto. Mimi sikuona, na yeye hakuona, maana huku chini kila mtu hupanda na gambuti kwa ajili ya matope, viatu vya kweli vinatolewa mzigoni huko juu kwenye mawe na barafu. Thembo alivitoa siku ya tano. Aliporudi aliviweka mezani kwangu polepole, kama mtu anayeweka mayai.

"Biira," akasema, "hii viatu yako ilikuwa inataka kwenda Congo. Mimi nageuka huku, yeye inanivuta kule."

Nilitamani ardhi inimeze. Thembo hakunigombeza. Alivuta kigoda akakaa, akanionyesha: ingiza mkono mpaka ncha, kunja soli uone kama inarudi, nusa ndani, vuta kila jicho la kamba. Halafu akaniambia neno ambalo niliwauzia watu kwa miaka mingi kama langu: "Kitu ya mulima, usiulize kama iko muzuri. Uliza kwanza itafanya kazi gani."

Alikuwa na tabia mbili nyingine ambazo mnapaswa kuzijua, maana kisa changu chote kimeegemea hapo. Ya kwanza, kila alichoazima kwangu, kisu au mkasi, kilirudi kimenolewa. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiazima panga la jirani ukalirudisha butu, habari zako utazikuta kisimani zimekutangulia. Ya pili, hakuwa anapita mtu mwenye kazi bila kumwambia "Pole na kazi." Mwenye jembe, mwenye cherehani, mzee anayefukuza ndege shambani, wote aliwapa. Hata mimi alinipa, siku nyingine nikiwa nasinzia juu ya makoti.

Sasa tuje kwenye skii. Skii ni zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, unafunga moja kila mguu. Zilinijia jozi mbili, kila moja kwa wakati wake, ndani ya marobota, na hakuna mpagazi hata mmoja aliyezitaka. Jozi ya kwanza ilikuwa pana, imechorwa maua mekundu. Niliigeuza rafu, na vile vibanio vyake vya kubana kiatu nikavitundikia gambuti. Jozi ya pili niliipata Bwera, soko la mpakani na Congo, nikashindwa kuipandisha kwenye boda boda. Nikamwachia Mama Kahindo, mpishi wa fufu, ule ugali wa muhogo, aliyetoka ng'ambo ya mpaka. Akang'oa vibanio akawapa watoto wachezee, akazilaza zile mbao mbili sambamba juu ya magogo, akazikaza kwa mipira ya tairi, akapata benchi. Madereva wa malori walilikalia miaka sita.

Basi katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, akaja Kabugho.

Kabugho ni binti wa Thembo. Alipelekwa ng'ambo kwa shangazi yake akiwa na miaka tisa, nchi ya baridi, asome awe nesi. Alirudi kututembelea ana ishirini na tano, mrefu kama baba yake, Kiswahili chake kikiwa bado cha miaka tisa. Na hakuwa nesi. Aliacha chuo njiani. Kazi yake, alisema, ilikuwa kufundisha watoto kuteleza kwa skii, na siku nyingine kupigwa picha za video akiteleza juu ya mabomba ya kushikia kwenye ngazi za mjini. Anaruka, anatua juu ya bomba, anashuka nalo mpaka chini. Wanamlipa kwa hilo.

Thembo alilipokea jambo hili kama mtu aliyeambiwa binti yake ameolewa na upepo. Alikuja kibandani kwangu kulalamika.

"Mutu inateleza kwa bahati mbaya," aliniambia. "Nimeteleza miaka ishirini juu ya hii mulima. Hakuna siku mutu alinilipa."

Na ile salamu yake, aliyoigawa mji mzima, binti yake hakuipata. Kabugho alifua, alichota maji, alipika, lakini akiingia, baba yake anamuuliza tu, "Umerudi?" Nilimwona binti yule akisikia lile neno. Alikuwa anasubiri jingine, na kila siku lilikuwa lilelile.

Ndiyo maana Kabugho alikuja na mipango miwili. Kwanza, apande ateleze kwenye barafu ambako baba yake aliwabebea watu mizigo, kabla haijaisha, maana kila mwaka inapungua. Pili, ateleze kwenye bomba hapa hapa mjini, Thembo aone kwa macho yake, kwa kuwa magoti yake hayawezi tena mlima. Ruhusa yake kazini ilikuwa wiki tatu. Na skii zake zilikuwa zimepotea uwanja wa ndege.

Viatu vya skii alikuwa navyo. Aliniambia wenye kazi hiyo hawaachi viatu kwenye mizigo, wanavibeba mkononi kama mtoto. Mbao unaweza kuazima, lakini kiatu kilichokubali mguu wako hakiazimwi. Hilo andikeni.

"Anti," akaniambia, "baba anasema wewe unajua vitu ya nzururu yote."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikakunja uso, nikatazama mlima, nikapangua gambuti, nikamshushia rafu yangu. Nikaifuta vumbi kwa kanga. "Hizi," nikasema, "ndizo za barafu. Tazama zilivyo pana. Upana ndio usalama, ona bata." Nikaongeza kwamba maua mekundu yanaonekana vizuri mtu akipotea.

Kabugho hakucheka, na mpaka leo namshukuru. Alizichukua akaanza kuzipima, nami nikaona mikono ya Thembo siku ile ya viatu. Alizibandika mbili tumbo kwa tumbo, akatazama katikati. Skii nzima, zikikutana hivyo, huacha uwazi katikati, kama upinde, na ukibana kwa mkono zinakataa kidogo kisha zinakubali. Zangu zilikuwa zimelala bapa, gambuti za miaka zimezivunja mgongo. Alitazama kwa urefu, jicho moja limefumbwa, kama seremala anayekagua ubao. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa chuma unaozunguka chini. Kutu, na chini ya kisigino ufa.

"Hii itanitupa, Anti."

Kisha akanieleza, nami nikawa naitikia kana kwamba nakumbushwa. Skii pana ni ya theluji laini, ya kina, inaelea. Juu ya barafu ngumu unataka nyembamba kiunoni, ili ikilala ubavu iume upesi, na unataka ngumu isiyotetemeka. Lakini kwa bomba unataka inayopindika, iliyokunjwa juu ncha zote mbili, mbele na nyuma, kwa sababu mara nyingine unatua ukiwa umegeuka kinyumenyume. Na ukingo wake wa chuma uwe mnene, maana bomba linaula. Kwa hiyo anayetaka kazi zote mbili kwa jozi moja anatafuta ya katikati: si laini, si ubao mkavu, kiuno cha wastani, ncha mbili, chuma kinene.

"Ncha zote mbili zimekunjwa?" nikauliza. Nikakumbuka suruali za madereva wa Bwera, jinsi zinavyonaswa kila wakiinuka.

Tulikwenda asubuhi iliyofuata. Kwa Mama Kahindo kulikuwa kumejaa, na juu ya benchi walikaa madereva watatu wanene na bakuli zao. Kabugho hakuwaomba wainuke. Alilala chali mavumbini, akaingiza kichwa chini ya benchi, kati ya viatu vyao, akaanza kukwaruza kwa ukucha. Dereva mmoja aliinua miguu kama aliyeona panya.

"Mama Baridi," akaita Mama Kahindo, mwiko mkononi, "huyu mutoto anatafuta nini chini ya batu?"

"Anapima benchi."

"Benchi ya mangu? Juu ya nini?"

Nikamweleza kwamba tunataka kulipeleka mlimani. Akaweka mkono kiunoni. "Miye na batu yangu batakala wapi? Beko wanakuja hapa kila siku, bashofere ya makamyo. Bakule fufu wamesimama kama farasi?"

Kabugho alitoka chini, nywele zimejaa vumbi, uso unang'aa. "Anti, wamekaa watu watatu, na bado imepinda juu. Katikati haigusi gogo. Wakisimama inarudi." Miaka sita ya madereva, na ule upinde haujafa. Hakuna kiwanda kinachoweza kupima hivyo. Na kwa sababu Mama Kahindo alitumia mipira ya tairi, hapakuwa na msumari hata mmoja ndani ya mbao. Kutu ilikuwepo, lakini ya juujuu, inatoka kwa jiwe. Bahati ya mtende kuota jangwani.

Tulimwachia rafu yangu ya maua, tuliyokuja nayo juu ya gari, akalishie watu wake, tukiwa tumeng'oa vibanio vyake. Mama Kahindo aliikagua, akayapenda maua, lakini akaninyooshea mwiko. "Hii ni ya kunishikilia tu. Benchi ya mangu murudishe vile muliikuta."

Seremala mmoja wa Kasese alifunga vile vibanio kwenye mbao za benchi akiwa ananung'unika, maana hajawahi kutengeneza kitu cha kuvaa. Hapa nina ushauri. Tia uzi kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina, kwa sababu skii ni nyembamba kuliko inavyodanganya. Parafujo fupi inang'oka, na ndefu inatokea chini. Kabugho alitafuta katikati kwa uzi, akarudi nyuma vidole viwili: katikati kabisa ni pazuri kwa bomba, nyuma zaidi ni pazuri kwa barafu, yeye akagawanya. Chini tulipaka nta ya mishumaa tuliyopewa na mlezi wa kanisa, tukaiyeyusha kwa pasi ya mkaa. Kisha akanoa kingo kwa tupa laini, kwenda upande mmoja tu, akavuta ukucha juu yake. Ukucha ukachunika unga mweupe. "Hivyo ndiyo barafu inataka," akasema.

Mimi nilijifunza hapo kwamba skii kali ni skii nzuri. Nilijifunza nusu, na mtu aliyejifunza nusu ni hatari kuliko asiyejua kitu.

Walipopanda, yeye na waongozaji, nilikaa siku nane bila usingizi wa maana. Mnacheka? Binti wa mwenzangu alikuwa juu ya barafu na benchi la fufu miguuni, na aliyelitaja lile benchi ni mimi. Thembo alikuja kibandani kila jioni. Anashika kiatu, anakikunja, anakirudisha, anatazama mlima uliofunikwa na mawingu. Hakutaja jina la binti yake. Siku ya sita aliniuliza, "Ile mbao, uliangalia mwenyewe?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeangalia madereva.

Alirudi mzima. Midomo imepasuka, pua imebabuka, anacheka. Aliniambia barafu ilikuwa ngumu, ya kijivu, ina changarawe, na benchi la Mama Kahindo liliiuma kama mbwa. Tukaenda wote kwa Thembo.

"Umerudi?" akasema.

Kabugho akamsimulia. Mzee alisikiliza akitazama chini, kisha akauliza kitu kimoja. "Ulifika pale barafu inafunika ile jiwe nyeusi kubwa?"

"Baba, jiwe iko nje yote. Barafu imebaki nyuma yake, kidogo."

Thembo alikuwa amepita juu ya lile jiwe mara nyingi sana akiwa na mzigo kichwani, na hakuwahi kuliona. Nilimhurumia kweli. Kisha akajikusanya. "Sawa. Hata watalii inateleza huko. Hiyo ni matembezi, haiko kazi."

Ikabaki siku ya bomba, Jumamosi, na siku tatu baadaye Kabugho alikuwa anaondoka.

Mahali tulipapata upande wa juu wa mji, kwenye njia ya Kilembe. Kuna ngazi zinazoshuka kati ya barabara mbili, na kando yake bomba nene la kushikia lililounganishwa na mafundi wa kuchomelea. Lori lilisimama barabara ya juu, mbao za ujenzi zikalazwa mteremko kutoka kwenye bodi lake mpaka karibu na bomba, juu ya mbao tukatandika turubai tukalimwagia maji ya sabuni. Chini ya ngazi tukapanga magunia ya makapi ya kahawa kutoka Rukoki hapo jirani, atue juu yake. Thembo aliletewa kiti, akakaa mbele kabisa, pale juu ngazi zinapoanza, fimbo kati ya magoti. Nusu ya mji ilikuja.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Kabugho alikuwa ameziacha skii kibandani kwangu tangu jana yake. Asubuhi ile, yeye akiwa anafunga turubai, mimi nikapitisha kidole gumba kwenye makali. Mbele kali kidogo. Nyuma kali kidogo. Katikati, pale mguu unapokaa, butu kabisa, laini kama ukingo wa sahani. Nikashtuka. Nikajiambia, mawe ya mlimani yamemla mtoto wa watu makali yake, na hajui. Atasimama mbele ya baba yake na mji mzima akiwa na chombo butu! Nami nina tupa. Nilizilaza mapajani nikanoa kama ninavyonoa panga la kuvunia, kwenda na kurudi, nikitema mate kidogo juu ya chuma. Nilinoa kwa upendo, wanangu. Sijawahi kunoa kitu vizuri namna ile.

Kabugho alikuja mbio kuzichukua. Hakuzipima, maana yeye mwenyewe ndiye aliyezitengeneza jana. Nikampa kwa mikono miwili.

Aliteremka kwenye turubai, akaruka, akatua juu ya bomba ubavu, vizuri kabisa. Nikasikia sauti kama ya msumeno unaokutana na mwamba. Skii zilisimama. Yeye hakusimama. Alipita juu ya miguu yake mwenyewe, akaangukia ngazi kwa bega, akabiringika mpaka kwenye makapi. Watu waliguta, kisha wakaona anasogea, wakacheka.

Thembo alikuwa ameinuka kabla yetu sote, fimbo imemdondoka, magoti yale mabovu yameshuka ngazi tatu. Alipoona binti yake amekaa, kidevu kinatoka damu lakini amekaa, alisimama pale pale. Uso ukamkunjamana. "Nilisema," akasema. "Hii haiko kazi. Hii ni kujitupa." Akageuka kutafuta fimbo yake aende nyumbani.

Kabugho alikuwa amevuta skii moja mapajani. Akapitisha ukucha katikati, na unga mweupe ukadondoka. Akainua macho.

"Nani amenoa hapa?"

Nawaambia ukweli: nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria seremala, hayupo, hawezi kujitetea. Nilifikiria hata kulaumu nta ya kanisa. Lakini nilimwona Thembo anainama kuokota fimbo, na nikajua akishaondoka na fimbo ile mkononi, binti atapanda ndege na lile "Umerudi?" ndilo litakuwa neno lake la mwisho kutoka kwa baba.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, Thembo. Nilikuta butu nikanoa."

Akageuka. "Ulinoa?"

"Chombo cha mtu hakikai butu. Si wewe uliyekuwa unanirudishia visu?"

Mtu mmoja alianza kucheka, Thembo akamtazama akaacha. Alizishuka zile ngazi zilizobaki mpaka alipo binti yake, akajishusha taratibu kwenye gunia kando yake. Akachukua ile skii. Alipitisha kidole chake cha mpagazi, kilichonoa meno ya chuma ya kuvaa chini ya viatu miaka ishirini.

"Hapa inataka butu?" akamuuliza.

"Chini ya mguu, baba. Ndiyo haishiki bomba."

"Na kwa barafu?"

"Kwa barafu hapo hapo inataka kali. Ndiyo nilienda mulima kwanza, bomba nyuma. Nilitoa makali jana na jiwe. Kazi ya siku nzima."

Mzee akaigeuza skii, akatazama mbele, akatazama nyuma, midomo inasogea kama anahesabu. Kisha akanitazama mimi, mbele ya nusu ya mji.

"Kitu ambayo mujinga anaweza kuharibu," akasema, "hiyo iko kazi."

Nimeitwa mengi maishani. Sijawahi kufurahi kuitwa mjinga kama siku ile. Niliitikia hata kabla hajamaliza.

"Leta jiwe," Thembo akaniambia. Nikaleta jiwe, nikasogea mbali na mikono yangu nyuma, kama nilivyoamriwa. Kabugho alimwonyesha pembe, yeye akasugua, polepole, anampa binti apime, binti anasema bado, anasugua tena. Watu wengine walichoka wakaondoka. Jua lilisogea. Hawakuzungumza neno lingine ila "bado" na "hapa" na "sawa". Nilipowaona vile, vichwa viwili vimeinamia chuma kimoja, machozi yalinitoka, nikasingizia makapi ya kahawa.

Mzee aliporudi kitini, Kabugho aliteremka mara ya pili na kitambaa kidevuni. Akaruka, akatua, akashuka na bomba lote mpaka mwisho, mikono imetulia, bomba likiimba chini yake. Safari yote ilikuwa fupi kama chafya. Akatua kwenye makapi kwa miguu miwili.

Alifungua vibanio, akapanda ngazi akihema, nguo zimejaa vumbi la kahawa. Ilibidi apite mbele ya kiti cha baba yake. Thembo alisogeza fimbo kumpisha, akakohoa.

"Pole na kazi, Kabugho," akasema.

Binti alisimama. "Asante, baba."

Nikasogea na mimi, nimejipanga vizuri, nimeshika tupa yangu, maana nami nilikuwa nimefanya kazi tangu asubuhi. Thembo akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Na wewe Biira," akasema, "rudisha benchi ya watu. Na usinoe."